Mtoto aende ukumbini au asiende? Jinsi ya kuamua kipindi cha janga

Kila ugonjwa ukishika kasi swali linalozunguka kwenye magrupu ya wazazi ni "hivi mchezo gani ni salama kwa mtoto?", na hapo watu wanaanza kubishana kikapu na judo na badminton kama vile kirusi kinasoma sheria za mchezo. Mi naona tunaanzia pabaya. Mchezo wenyewe ni sehemu tu ya hesabu, tena mara nyingi sio sehemu kubwa. Kinachoamua zaidi ni ukumbi una hewa gani, watoto wanakaa humo muda gani, wakimaliza wanarundikana wapi, na mtoto akirudi nyumbani anamkuta nani. Ukishayajua hayo manne unaweza kabisa kumwambia mwanao ndiyo kwenye kikapu cha ukumbi huu na hapana kwenye tebo tenisi ya ukumbi ule, na usiwe umejichanganya hata kidogo.

Jua kwanza unapambana na ugonjwa gani

Janga la jana halifanani na la leo. Mafua ya 1918 yaliua sana vijana waliokuwa na nguvu zao, H1N1 ya 2009 ikawasumbua zaidi watoto na vijana kuliko wazee, afu ikaja Covid-19, ambayo WHO walitamka kuwa ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na hiyo ikageuza kibao, wazee ndio walioumia zaidi na watoto wengi wakapita na kamasi tu au bila dalili yoyote. Kwa hiyo mtu akikwambia "watoto hawadhuriki" muulize ni ugonjwa gani anaouzungumzia. Na hata kwenye hiyo Covid walikuwepo watoto wachache waliopata MIS-C, ile hali ya moyo, matumbo na viungo vingine kuvimba wiki 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa, ni nadra lakini ilikuwepo na iliwapeleka watoto wazima kabisa hospitali.

Jua pia unavyosambaa. Ugonjwa unaosafiri kwenye hewa unakulazimisha kuangalia madirisha, ugonjwa wa kugusana ngozi kama mpox unakulazimisha kuangalia mikeka ya mieleka, taulo, na jezi za kuazimana. Hapa chini nitaongelea zaidi ugonjwa wa hewani maana ndio unaoifanya michezo ya ndani kuwa mtihani, na ndio ambao watu wanapoteza nguvu kufuta mipira kwa spirit huku madirisha yote yamefungwa.

Kwanini ukumbi wa michezo sio sawa na darasa

Sababu ni pumzi. Mtu mzima aliyekaa anapumua kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, akianza kukimbia kwa nguvu inapanda mara kumi na zaidi. Mtoto ana mapafu madogo ila mwendo ni huohuo. Sasa mwenye ugonjwa anatoa virusi vingi zaidi kwa sababu anahema, na asiyeumwa naye anavuta vingi kwa sababu anahema, yaani inaongezeka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Weka na kelele juu yake, kocha anapiga mayowe, watoto wanashangilia, mlango umefungwa mpira usitoke nje.

Kuna mifano miwili mitatu ya kipindi cha Covid ambayo inafundisha sana. Huko Cheonan, Korea Kusini, mwanzoni mwa 2020 madarasa ya mazoezi ya kucheza muziki kwenye vituo 12 yalihusishwa na wagonjwa 112, vyumba vidogo, watu wanaruka na kuhema kama dakika 50. Lakini mwalimu mmojawapo aliyekuwa ameambukizwa alikuwa anafundisha yoga na pilates, vitu vya kupumua taratibu, na kwa wanafunzi wake hakukutwa mgonjwa. Ugonjwa uleule, mji uleule, tofauti ni pumzi. Juni 2020 kule Florida mechi moja tu ya hoki ya barafu ya watu wazima ilifuatiwa na wachezaji 14 kati ya 22 kuugua pamoja na mfanyakazi mmoja wa uwanja. Afu Desemba mwaka huohuo, Florida hiyohiyo, mashindano mawili ya mieleka ya shule za sekondari yenye watu kama 130 yalitoa wagonjwa 38 waliothibitishwa, na waliopimwa wenyewe hawakufika hata nusu ya waliohudhuria.

Sijaleta hayo kutisha mtu. Kuna mazoezi mengi sana yalifanyika ndani bila shida na hakuna anayeandika ripoti ya siku ambayo halikutokea jambo. Nachosema ni kwamba hatari inaonekana ukiitafuta mahali pake.

Nenda kauone ukumbi, usiulizie kwa simu

Hii ndio hatua ambayo wazazi wengi wanairuka na ndio yenye majibu mengi kuliko zote. Ukiuliza kwa simu "ukumbi wenu una hewa ya kutosha?" utaambiwa ndiyo, nani atasema hapana. Nenda mwenyewe, na usiende asubuhi kabla watu hawajaingia, nenda katikati ya mazoezi au mwishoni, timu mbili zikiwa zimeshapita.

Ukifika mlangoni simama uvute pumzi. Kama harufu ya jasho la timu iliyopita bado ipo nzitoo, basi na pumzi zao bado zipo, huhitaji mtaalamu hapo. Angalia vioo, vikiwa na ukungu ujue unyevu wa watu hauna pa kutokea. Afu tazama madirisha yenyewe, sio kama yapo, bali kama yanafunguka, maana kumbi nyingi zina madirisha mazuri ya juu kabisa ambayo yalipigwa rangi yakagandana na hakuna anayekumbuka mara ya mwisho yalifunguliwa lini. Feni nazo zisikuzuge, feni ya darini inazungusha hewa ileile, inapoza jasho tu, na AC nyingi za ukutani nazo ni hivohivo, zinavuta hewa ya ndani, zinaipoza, zinairudisha ndani. Kinachotakiwa ni hewa ya nje iingie na ya ndani itoke, au ichujwe. Kama kuna tundu la kutolea hewa, chukua kipande chembamba cha tishu ukishike karibu yake: kikivutwa kikaganda kwenye wavu, mashine inafanya kazi, kikining'inia tu basi hilo ni pambo.

Ukiweza kuazima kipimo cha kaboni dayoksaidi nenda nacho, vile vidogo vya mkononi vinatosha. Hewa ya nje inasoma kama 420 ppm, yaani sehemu 420 za hiyo gesi kwenye kila milioni moja za hewa. Ukumbi ukibaki chini ya 800 watoto wakiwa wanakimbia, hapo hewa inabadilika vizuri. Ikipita 1,000 na bado inapanda kila dakika mi naanza kutafuta mlango, na ikifika 1,500 jibu langu ni hapana, haijalishi kocha ni mzuri kiasi gani. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki hakioni mashine ya kuchuja, ukumbi wenye mashine za HEPA unaweza kusoma juu kidogo na bado ukawa afadhali, kwa sababu HEPA inanasa chembe zaidi ya asilimia 99 lakini hiyo gesi inaiacha ipite.

Uliza pia ratiba. Timu zikibadilishana mlangoni, moja inatoka nyingine inaingia, ya pili inaanza na hewa ya ya kwanza. Ukumbi ambao hewa yake inabadilika mara 6 kwa saa unahitaji kama dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya kilichobaki hewani, ila hata robo saa tu inaondoa zaidi ya robo tatu. Kwa hiyo kuomba dakika kumi na tano za milango wazi kati ya timu na timu sio usumbufu, ni moja ya vitu vya bei rahisi kuliko vyote unavyoweza kuomba.

Hesabu ya vichwa

Watu wanasema "ni watoto ishirini tu". Haya tupige. Kama kwenye eneo lenu mtu mmoja kati ya 100 ana maambukizi kwa wakati huo, kundi la watoto 20 lina uwezekano wa karibu asilimia 18 kwamba angalau mmoja wao anao. Ugonjwa ukishuka hadi mmoja kati ya 1,000, kundi lilelile linashuka hadi kama asilimia 2. Ila peleka mtoto kwenye bonanza la watu 200 wakati ni mmoja kati ya 100 na uwezekano unaruka hadi asilimia 86 au 87, hapo usiulize kama yupo, uliza yuko kona gani. Ndo maana mazoezi ya timu ileile kila wiki na mashindano ya timu kumi kutoka kila upande ni maamuzi mawili tofauti kabisa, unaweza kukubali la kwanza na kukataa la pili na hujamwonea mtu.

Sio mchezo wote ni sawa, lakini

Michezo ya kubanana na kuhema uso kwa uso, mieleka, judo, kikapu, iko juu kwenye hatari. Wavu na badminton ziko chini kidogo kwa sababu kuna nyavu kati na watu hawashikani. Jimnastiki inategemea, watoto wanasubiriana zamu, wengi wao muda mwingi wamekaa. Kuogelea watu wanakuogopa bure, maji yenye klorini iliyowekwa sawasawa hayakai na kirusi, shida ya bwawa la ndani ni hewa iliyo juu ya maji na kile chumba cha kubadilishia nguo ambacho mara nyingi hakina hata kidirisha.

Na hapo ndipo penyewe. Ukimfuatilia mtoto kuanzia anatoka nyumbani hadi anarudi, utakuta dakika za kucheza uwanjani ni kama nusu tu, kilichobaki ni benchi wakiwa wamebanana begani, chumba cha nguo wanapiga stori, gari la mzazi mmoja lililobeba watoto watano vioo juu, na kile chakula cha pamoja baada ya mechi ambapo kila mtu anavua barakoa na kuongea kwa sauti. Ukumbi mpana wenye dari ndefu unaweza kuwa na hewa nzuri kuliko hilo gari mara nyingi tu. Kwa hiyo kabla hujasema hapana kwa mchezo jaribu kusema hapana kwa hivyo vingine: avae jezi nyumbani, aende na wa kwenu tu au vioo vishushwe, benchi likae karibu na mlango, chakula kiliwe nje au kila mtu ale kwao.

Barakoa nazo zina mahali pake. Kwenye benchi, kwenye usafiri na wakati kocha anaelekeza, mtoto mkubwa anaweza kuvaa bila shida na faida ipo. Akiwa anakimbia wengine wanavumilia wengine hawawezi, ikilowa jasho ibadilishwe maana ikilowa inamkaba. Ila asivae majini kabisa, wala kwenye vyuma vya jimnastiki, wala kwenye mieleka, mahali ambapo inaweza kunasa, kuziba macho au kumkaba, hata madaktari wa watoto wa Marekani waliokuwa wakisisitiza barakoa ndani waliyatoa hayo kwenye orodha. Mtoto wa chini ya miaka 5, WHO wenyewe walisema asilazimishwe.

Nani yuko nyumbani

Hili usilifanye kwa kichwa cha juujuu. Hesabu watu wote ambao mtoto anawakaribia kila wiki, sio wanaolala nyumba moja tu. Bibi anayemchukua shuleni, mjomba anayetibiwa saratani, mama mwenye ujauzito, mtoto mchanga, yeyote aliyepandikizwa figo au anayetumia dawa za kushusha kinga. Kama yupo mtu wa aina hiyo na ugonjwa ndio umepamba moto, mi ningemtafutia mtoto mchezo wa nje na habari ingeishia hapo. Kama wazazi wameachana na mtoto ana nyumba mbili, nyumba zote mbili zinaamua, maana anayeruhusu huku anabeba hatari kupeleka kule, na hii ndio ugomvi mkubwa kuliko unavyodhani, bora iongelewe kabla.

Mtoto mwenyewe je? Pumu iliyotulia na dawa zake ziko sawa sio sababu ya kumfungia ndani moja kwa moja, pumu inayomshika kila wiki ni habari nyingine. Matatizo ya moyo, selimundu, kisukari, ongea na daktari wake anayemjua, sio na mtu wa mtandaoni hata kama ni mimi. Chanjo kama ipo na umri wake unaruhusu inampa nafasi nzuri zaidi ya kutougua sana, lakini usiichukulie kama pasi, waliochanjwa bado wanaweza kuambukizwa na kupeleka nyumbani.

Afu weka upande wa pili wa mizani, maana hapana nayo ina gharama zake. WHO wanasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za mwili kuchangamka kila siku, na mtoto aliyefungiwa miezi unamwona, halali vizuri, ana hasira za ajabu, simu haimtoki mkononi. Jiulize anapoteza nini hasa ukimkatalia. Mwenye baiskeli, uwanja wa wazi na ndugu wa kucheza nao anapoteza kidogo. Ila yule ambaye timu ndio marafiki wake pekee, au ndio kitu pekee kinachomtoa kitandani, kwake hapana ni dawa kali na lazima uwe na kitu cha kuweka mahali pake.

Maswali ya kumuuliza kocha

Usimuulize kama wanazingatia tahadhari, atakujibu wanazingatia. Muulize hivi: mtoto wangu akikosa mazoezi kwa sababu ana kikohozi, anapoteza namba kwenye timu? Ada ya mwezi inarudishwa au inasogezwa mbele mtoto akiugua? Nikionana na timu yenye sheria ya "ukikosa mazoezi Alhamisi Jumamosi huchezi" mimi naiogopa kuliko ukumbi usio na dirisha, kwa sababu hiyo timu inawafundisha watoto kumeza dawa ya homa na kunyamaza, na inawafundisha wazazi pia. Uliza mara ya mwisho mtoto alipopatikana na ugonjwa wazazi wengine waliambiwa baada ya muda gani. Kocha anayejibu haraka na kwa mpangilio amewahi kulifikiria, anayecheka na kusema "aah huku kwetu hakuna hiyo kitu" ameshakujibu.

Vipimo vya haraka vinasaidia hasa vikifanywa siku hiyohiyo karibu na mechi, cha juzi hakikwambii habari za leo. Na negativu moja isikupe kiburi, vinakosea hasa siku za mwanzo, na mtu anaweza kusambaza Covid siku moja au mbili kabla hata hajajisikia vibaya. Mwenye dalili abaki nyumbani hata kipimo kikisema yuko safi.

Amua na uweke mstari wa kusimama

Majibu sio mawili. Kuna ndiyo, kuna hapana kwa sasa, na katikati kuna ndiyo kwa masharti, kwa mfano mazoezi ndiyo ila mashindano hapana, au siku moja kwa wiki badala ya tatu, au anafanya sehemu ya mbio na viungo nje na kuingia ndani dakika ishirini za mwisho tu. Siku unayosema ndiyo, siku hiyohiyo andika mahali kitu gani kitakufanya umtoe: wagonjwa wakiongezeka wiki mbili mfululizo, hospitali za eneo lenu zikianza kujaa, wagonjwa wawili ndani ya timu, au bibi akihamia kwenu. Andika ukiwa umetulia, kwa sababu ukisubiri ijumaa usiku, mtoto ameshapanga begi na kocha anapiga simu kwamba wachezaji hawatoshi, hapo hutaamua wewe, aibu ndio itaamua. Mwonyeshe na mtoto hiyo karatasi kama ameshakua. Watoto wanakubali hapana inayojulikana mapema kuliko inayowashukia ghafla. Baada ya wiki mbili rudia kuangalia, na ikiwa hali imetulia mruhusu kweli, usiendelee kumzuia kwa mazoea.

Akishaugua na kupona

Hapa wengi wanaharakisha. Homa ikiisha sio tiketi ya kurudi uwanjani kesho yake. Amalize kwanza siku za kujitenga zilizowekwa, afu arudi polepole, siku za mwanzo kutembea na mazoezi mepesi, kisha anaongeza kidogo kidogo kwa kama wiki nzima kabla ya mechi kamili. Aliyeugua kwa nguvu, homa ya siku nyingi au aliyelazwa, aonwe na daktari kabla hajaanza lolote, kwa sababu virusi kama hivi vinaweza kugusa misuli ya moyo na hilo halionekani kwa macho. Na hata aliyeugua kidogo, akilalamika kifua kinauma, moyo unamwenda mbio bila sababu, pumzi inamkata kuliko kawaida au akazimia akiwa anacheza, anasimama hapohapo na anapelekwa hospitali siku hiyo, asisubiri mechi iishe.